Picha za Simu na Mwili Wako: Maswali ya Saluni

Kaa saluni pale Mwanga, Kigoma, ukisubiri kusukwa, na maswali haya utayasikia yote kabla zamu yako haijafika.

Kwani picha tu inaweza kumdhuru mtu?

Picha moja, hapana. Mamia kila siku, ndiyo. Huko Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, mwanamke mwenye mwili alionekana ametunzwa, kama kwetu. Televisheni ikafika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, kisha kundi jingine mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11. Na ile televisheni haikumtukana mtu. Ilionyesha tu watu wembamba wakifanikiwa.

Sisi tunapenda shepu, siyo wembamba. Yanatuhusu?

Yanatuhusu mara mbili. Video zinataka namba nane, matangazo ya chai yanataka tumbo bapa, na binti ni huyo huyo mmoja. Mafuta yakae wapi mwilini huamuliwa zaidi na urithi na homoni. Ukila ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, huwezi kuyatuma yapite kiunoni bila kusimama.

Nitajuaje picha imechezewa?

Usimtazame mtu, tazama kilicho nyuma yake. Fremu ya mlango iliyopinda karibu na hipsi inasema kila kitu. Kwenye video, subiri mkono upite mbele ya uso: filta huyumba, na kwa nukta moja chunusi zinarudi.

Kuna vidonge vya kunenepesha, shoga yangu kapendeza. Nivitumie?

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Baadhi ya vidonge hivyo huwa ni deksamethasoni, dawa nzuri kabisa daktari akiiandika kwa ugonjwa wake. Ukiimeza kwa ajili ya shepu, uso unavimba ukawa duara, maji yanajaa mwilini, presha na sukari vinapanda, kinga inashuka. Huko siko kunenepa. Na kama umeshaitumia kwa wiki kadhaa, usiikatishe ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umezoea kutotengeneza homoni yake na unaweza kuzimia. Chukua pakiti, hata kama ni karatasi tupu, uende nayo kituo cha afya wakupunguzie taratibu.

Mkorogo wa kujichubua nao una mambo yake: zebaki, inayoweza kuharibu figo, na haidrokwinoni, iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania.

Binti yangu wa kidato cha pili anasema ameshiba kila siku. Nifanyeje?

Mama, usianze na "utakuwa kama fito", wala usimsifu kwamba amepungua. Angalia kwanza: hedhi imekata? Anasikia kizunguzungu? Anakimbilia chooni kila baada ya kula? Anavaa sweta jua la mchana? Kaeni wawili, mkichambua dagaa kwa mfano, maana mikono ikiwa na kazi maneno hutoka kirahisi, umuulize anamfuata nani kwenye simu. Ukiona dalili mbili au tatu kati ya hizo, mpeleke kliniki wiki hiyo hiyo. Akizimia au kutapika damu, ni siku hiyo hiyo. Mweleze mhudumu tarehe ya hedhi ya mwisho na uzito wake wa zamani, kama bado unaukumbuka.