Kwa nini taa ya bodaboda hufifia ikisimama?

Panda bodaboda usiku kutoka Uyole kwenda Igawilo, huko Mbeya, ukungu ukiwa umeshuka. Dereva akivuta mafuta, taa inang'aa hadi ng'ambo ya mtaro. Akiachia ili abiria ashuke, mwanga unalegea na kuwa wa njano. Wengi husema betri imechoka, lakini mara nyingi betri haina kosa.

Umeme wa pikipiki huzaliwa ndani ya injini. Kwenye ncha ya kranki hufungwa magineti, gurudumu lenye sumaku linalozunguka kwenye koili za waya wa shaba. Kila sumaku inapopita mbele ya koili, umeme huamka ndani ya waya. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo Uingereza mwaka 1831. Sumaku ikipita kwa kasi zaidi, volti hupanda zaidi. Injini ya cc 125 au 150 ikinguruma tu bila kuvutwa mafuta huzunguka kama mara 1,400 kwa dakika, na barabarani hufika 5,000 na kupita. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa kubwa hupokea umeme wa koili bila kupitia kwenye betri, ndiyo maana hupanda na kushuka pamoja na injini. Regureta huzuia volti zisipite kama 14 na nusu, ila haiwezi kuongeza zisizokuwepo.

Sasa ongeza spotilaiti mbili, redio na chaja ya simu. Simlaumu anayefunga spotilaiti, kwani kushuka milima ya Uporoto kuelekea Tukuyu kwa taa dhaifu ni hatari. Lakini piga hesabu kwanza: wati gawanya kwa volti, unapata ampea. Spotilaiti mbili za wati 18 kila moja ni wati 36, yaani ampea 3 kwa betri ya volti 12. Chaja ya wati 10 inakaribia ampea 1. Ukiziacha spotilaiti zikiwaka kijiweni, injini imezimwa, betri ya ampea-saa 7, yaani inayoweza kutoa ampea 1 kwa saa 7, itadumu saa mbili na kidogo kwenye karatasi, na itashindwa kuzungusha stata mapema zaidi. Baridi ya Julai huongeza shida: kemikali za betri huwa nzito kufanya kazi na oili huwa nzito.

Huko Kanada kuna pikipiki za kuteleza juu ya theluji ambazo baadhi hazina betri kabisa. Huwashwa kwa kuvuta kamba, na taa pamoja na vipasha joto vya mikono hula umeme wa koili moja kwa moja. Anayetaka kuongeza kifaa huko hujumlisha kwanza wati za vilivyopo.

Linaloniuma zaidi ni fyuzi. Nimeona spotilaiti zimeungwa moja kwa moja kwenye betri, waya mwembamba ukipita chini ya tangi la petroli, bila fyuzi au na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake. Fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Waya ukichubuka na kugusa chesesi, hata betri ndogo humwaga ampea nyingi kwa mkupuo na waya unawaka. Kwa hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana kipande kinachoitangulia hakina mlinzi. Kwa ampea 3, fyuzi ya 5 inatosha. Weka na rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo, ili swichi ya usukani isibebe mzigo wote, na waya wa kuiamsha rilei utoke baada ya swichi ya funguo, la sivyo ukisahau kuzima utaamka na betri tupu.

Kisha pima. Washa kila kitu, vuta mafuta kiasi, na uweke mita kwenye betri. Ikisoma zaidi ya volti 13, chaji inashinda matumizi. Ikishuka chini ya 12.6, unakula akiba ya betri hata ukiwa mwendoni; ondoa kifaa kimoja, kisha pima tena.