Haki katika mashindano ya kutengeneza magemu huanzia kwenye kura

Kila ninapoombwa kueleza kanuni za mashindano ya kutengeneza magemu ya kompyuta, ambamo washiriki hutangaziwa mada na kupewa muda mfupi wa kutengeneza gemu, swali la kwanza huwa ni la muda: nani atahakikisha kwamba mshindani hakuanza kazi yake wiki mbili kabla ya mada kutangazwa? Swali hilo ni halali, lakini kwa maoni yangu si hapo haki inapopotea zaidi. Hupotea kwenye upigaji kura, kwa sababu mengi ya mashindano haya hayana jopo la majaji. Washiriki wenyewe hucheza kazi za wenzao na kuzipa alama, na gemu ambalo halikuchezwa haliwezi kushinda hata likiwa zuri namna gani.

Ludum Dare, mashindano ya mtandaoni yaliyoanza mwaka 2002, yamelishughulikia jambo hili kwa njia ninayoiheshimu. Gemu huhitaji kupata walau kura 20 ndipo lipangiwe nafasi, na anayecheza na kutathmini kazi za wengine huongeza uwezekano wa kazi yake kuonekana. Tovuti ya itch.io, inayoandaa mashindano mengi ya aina hii, hutumia hesabu. Magemu yote hupangwa kuanzia lenye kura chache hadi lenye kura nyingi, kisha huchukuliwa idadi ya kura za gemu lililo katikati. Gemu lililo chini ya idadi hiyo hupunguziwa alama: kura zake hugawanywa kwa idadi ya katikati, na kipeuo cha pili cha jibu huzidishwa kwa wastani wake. Tuseme idadi ya katikati ni kura 16. Gemu lenye wastani wa alama 4 kutokana na kura 9 litashuka hadi alama 3, na lenye wastani huohuo kutokana na kura 4 tu litabaki na alama 2. Adhabu hiyo ni kali, lakini bila hiyo marafiki wanne wangetosha kumpa mtu ushindi.

Suala la timu ni gumu zaidi. Mtu mmoja anayeandika msimbo (maagizo ya programu yanayoendesha gemu), kuchora na kutunga muziki hawezi kulinganishwa na watu watano waliogawana kazi hizo, na ndiyo maana Ludum Dare hutenganisha kundi la mtu mmoja, lenye saa 48 na sharti la kutengeneza kila kitu upya na kuuweka msimbo hadharani ili wengine wausome, na kundi la timu lenye saa 72. Timu inayotumia picha au sauti zilizotengenezwa na wengine haifukuzwi. Hutakiwa kujiondoa katika kipengele husika cha tathmini. Napenda utaratibu huo kuliko marufuku, kwa kuwa marufuku huwafundisha watu kuficha. Hata hivyo, bado timu kubwa ina mikono mingi ya kucheza magemu ya wengine, hivyo huonekana zaidi, na sijaona kanuni inayolitatua hilo kikamilifu.

Ndani ya timu, ugomvi niliozoea kuusuluhisha hauhusu msimbo, bali majina. Mtunzi wa muziki hupewa kazi saa za mwisho, kisha jina lake husahaulika kwenye orodha ya watengenezaji. Nashauri orodha hiyo iandikwe kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, ikieleza nani anafanya nini na nani atabaki na haki ya michoro na nyimbo iwapo gemu litauzwa baadaye. Mtu mmoja apewe jukumu la kuunganisha kazi zote, na saa sita kabla ya muda kwisha asikubali kitu kipya isipokuwa marekebisho ya hitilafu. Saa hizo zitumike kuandaa toleo linalochezwa moja kwa moja kwenye kivinjari, kwa sababu wapiga kura wengi hawapakui faili la mtu wasiyemjua.