Bonde la Ziwa Victoria si Kanda ya Ziwa

Bonde la ziwa ni ziwa lenyewe pamoja na nchi kavu yote ambayo mvua ikinyesha juu yake, maji hutiririkia humo. Basi. Ugumu huanza pale mtu anaposhika kipaza sauti kwenye warsha ya mazingira na kusema "sisi watu wa bonde", kumbe anawazungumzia watu wa Mwanza, Mara na Geita tu.

Hiyo ni Kanda ya Ziwa. Kanda imepangwa na serikali ya Tanzania. Bonde limepangwa na miinuko ya ardhi, na hivi viwili havilingani. Shinyanga imo kandani, lakini mto Manonga huchukua maji ya sehemu ya mkoa huo na kuyapeleka Wembere hadi Ziwa Kitangiri, bonde jingine kabisa. Rwanda na Burundi hazina ufukwe wa Victoria hata wa kuegesha mtumbwi, na bado zimo bondeni. Nyabarongo hupita kando ya Kigali, Ruvubu hutoka Burundi, na maji yao hukutana karibu na Rusumo yakiitwa Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Victoria. Magugu maji yaliyoziba ghuba na mialo miaka ya 1990 mengi yalishushwa na Kagera huohuo.

Wapo wanaojibu kwamba takriban asilimia 80 ya maji ya ziwa ni mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, kwa hiyo mito ya nini? Hesabu ni sahihi. Ila tope halinyeshi. Tope hutoka kwenye mashamba ya milimani yasiyo na matuta, na mito ndiyo huliingiza ziwani.

Kosa la pili ni dogo: kudhani kwamba ukishaheshimu mita 60 kutoka ufukweni, ambamo Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, umelinda bonde. Umelinda ukingo.

Itifaki ya bonde hili ilisainiwa na Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2003. Rwanda na Burundi zilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kamisheni ya Bonde, yenye makao Kisumu, haikubaki ya nchi tatu zenye fukwe. Kwa hiyo, mwenzetu wa warsha, ukikusudia Mwanza na Geita sema kanda, hakuna atakayekulaumu. Ukiandika "wadau wa bonde" kwenye barua ya mwaliko, mkulima wa Kayanza, kule Burundi, naye apate nakala yake.