Je, wajua? Dereva akishinda, gari lake hutiwa farumi

Juzi barazani Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Unguja, kahawa bado ya moto, kijana mmoja alituonesha kwenye simu mbio za magari yenye sura ya gari za nyumbani: milango minne, buti nyuma. Akauliza, "Babu, hawa wanaoshinda si wana gari bora tu?" Mzee hakuinua macho kwenye dhumna. "Mwenye gari bora ndiye wanayemtia mawe."

Hakukosea sana. Katika mbio hizi za magari ya kawaida yaliyofanyiwa ufundi, anayeshinda sana huongezewa vyuma vizito garini. Mabaharia wetu wana neno lake: farumi. Tofauti ni kuwa jahazi hutiwa farumi likiwa tupu lisije likapinduka, na gari hili hutiwa kwa kuwa limewaacha wenzake mbali. Uingereza, kwenye ligi iliyoanza mwaka 1958, mzigo huo ulifika kilo 75 katika baadhi ya misimu. Huo ni mfuko mmoja na nusu wa saruji.

Aliyepanda gari ya shamba iliyojaa abiria na magunia anajua kinachofuata. Gari huchelewa kuondoka, dereva huanza kutafuta breki mapema, na kwenye kona matairi hulia. Matairi yakipata moto yanalika, na mwisho wa mbio gari inateleza. Waandaaji wanafanya hivyo ili mbio zisiwe za mtu mmoja, maana watazamaji wakishajua mshindi hubaki nyumbani.

Basi mtu anakuwaje bingwa? Nampenda dereva Andy Priaulx kwa swali hili, labda kwa sababu na yeye ni mtu wa kisiwa. Kwao ni Guernsey, kisiwa ambacho Unguja inakizidi zaidi ya mara 20, na sheria ya barabarani huko hairuhusu kupita kilomita 56 kwa saa. Alianzia kwenye mbio za kupanda kilima, gari moja moja ikishindana na saa, akawa bingwa wa Uingereza mwaka 1995. Mwaka 1999, katika ligi ya magari madogo ya Renault Spider, alishinda mbio zote 13.

Akiwa na BMW alichukua ubingwa wa Ulaya wa mbio hizi za magari ya kawaida mwaka 2004, tena baada ya kulingana pointi na Dirk Müller. Aliwekwa mbele kwa kuwa na ushindi mwingi zaidi. Kisha ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2005, 2006 na 2007.

Utamu uko mwaka 2005. Kulikuwa na mbio 20, naye alishinda moja tu. Siku nyingine alikusanya pointi kidogo kidogo, wa pili hapa, wa nne pale. Hata kupanga safu ya kuanzia kulikuwa na mtego: nane wa kwanza wa mbio ya kwanza waligeuzwa kwenye mbio ya pili, mshindi akaanza wa nane na wa nane akaanza mbele. Kwa hesabu hiyo, kumaliza wa saba au wa nane mbio ya kwanza kulikuwa na faida yake.

Kijana akacheka: "Kwa hiyo unashindwa kwa makusudi?"

"Hushindwi," mzee akasema, akiteremsha dabali sita. "Unasubiri."