"Sina kazi, nipo nyumbani tu": safari ya jibu hadi kuwa takwimu

Kabla sijahamia kwenye ofisi ya kutunza data ninakofanya kazi sasa, nilikuwa mdadisi, yaani yule anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza maswali ya utafiti. Asubuhi moja nilimkuta mama mmoja uwanjani kwake anapeta maharage. Pembeni palikuwa na jembe lenye udongo mbichi na ndoo mbili za maji, na mgongoni amebeba mtoto. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikamwonyesha barua ya mtendaji, akanisogezea kigoda. Tulipofika kwenye ajira nikasoma swali kama lilivyoandikwa: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote?" Akacheka kidogo. "Kazi nitoe wapi mwanangu? Sina kazi, nipo nyumbani tu." Ungo haukusimama hata alipokuwa ananijibu.

Mdadisi hufundishwa kuandika alichojibiwa, asiandike alichokiona. Nikaweka 2, yaani hapana, nikaruka maswali kumi na kitu kama mshale wa dodoso ulivyoniagiza, tukaingia kwenye habari za bati na sakafu. Baadaye lile 2 liliingizwa kwenye kompyuta, likakutana na 2 za wengine, likatoka upande wa pili likiwa asilimia. Mama aliyetoka shambani asubuhi ileile akahesabiwa hana kazi.

Hakunidanganya. Katika Kiswahili tunachozungumza kila siku, kazi ni ile yenye mshahara, au walau yenye mtu wa kukulipa jioni. Kulima shamba lako ni kulima tu, na kuchota maji ni kuishi. Mwandishi wa dodoso alikuwa na maana nyingine kichwani, na huenda aliliwaza swali kwa Kiingereza, likatafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mdadisi akalieleza kwa Kihaya au Kisukuma mbele ya bibi asiyesikia Kiswahili vizuri. Kila lilipovushwa, neno "kazi" liliacha kitu njiani.

Jambo hili limewahi kupimwa hapahapa Tanzania. Mwaka 2007 na 2008 kaya zipatazo 4,000 katika wilaya saba ziliingizwa kwenye utafiti wa ustawi wa kaya na ajira unaojulikana kwa kifupi SHWALITA. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi zikaulizwa maswali machache ya ajira, nyingine zikaulizwa kwanza maswali ya kuchuja, kwamba je, ulilima shamba la kaya, ulifanya biashara, ulifanya kibarua. Tena kwa wengine mtu alijisemea mwenyewe, kwa wengine akasemewa na mwenzake wa nyumbani. Kiwango cha ushiriki katika nguvu kazi kilitofautiana hadi nukta 10 za asilimia kati ya makundi hayo, yaani tofauti kama ya asilimia 60 na asilimia 70. Kati ya kundi na kundi hakuna aliyeajiriwa wala aliyefukuzwa. Kilichobadilika ni dodoso na mtu wa kulijibu.

Maswali mafupi yaliwapunguza wanawake wanaoonekana kufanya kazi, sawasawa na kisa cha mama yangu wa maharage. Upande wa kusemewa, wanawake hawakubadilika, ila wanaume waliosemewa walionekana kufanya kazi kidogo kuliko waliojisemea, hasa kwa sababu kazi zao za shambani hazikutajwa. Nikiwaeleza wanafunzi matokeo haya huwa wanacheka, wa kike zaidi.

Kwa hiyo mtu akikuletea asilimia ya wanawake wasio na ajira, mwambie akuonyeshe dodoso. Asipokuwa nalo, namba yake iweke pembeni kwanza.

Vivyo hivyo kwa umaskini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa kila mtu mzima, na mtoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima kulingana na umri wake. Watu hubishana kuhusu 26.4 kwenye daladala na bungeni, lakini ni wachache wanaouliza hiyo 49,320 ilipatikanaje, wala chakula kilichopikwa bila kununuliwa kilitiwa bei na nani. Hapo ndipo penye shughuli. Muulize mtu wiki hii walikula nyanya kiasi gani, atakwambia mafungu matatu. Fungu la wapi? Fungu la sokoni asubuhi na la barabarani jioni hayafanani hata kwa muuzaji mmoja. Mahindi yanatajwa kwa sado na debe, viazi kwa gunia la lumbesa ambalo kila dereva ana lake, ndizi kwa mkungu. Nyuma ya kila kilo unayoiona kwenye jedwali kuna mtu aliyezunguka na mizani sokoni akipima mafungu ya watu, huku akitazamwa kama mtu wa kodi.

Hata kuhesabu watu tu kuna masharti yake. Sensa ya 2022 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, awe kwake, wodini, gesti au safarini, ikapata watu 61,741,120. Tafiti za kaya hufanya vingine: humtafuta anayeishi pale kwa kawaida na kula chungu kimoja na wenzake. Baba mwenye wake wawili anaweza kuwa mkuu wa kaya nyumba hii na mgeni nyumba ile, kutegemea unamuuliza nani. Ukichukua namba ya sensa na ya utafiti ukazigawanya moja kwa nyingine bila kusoma mwongozo, umechanganya kibaba na pishi.

Kazi ninayoipenda kuliko zote kuisimulia ni ya Kagera. Mwaka 1991 hadi 1994, UKIMWI ulipokuwa unamaliza watu wazima mkoani humo, kaya 915 zilitembelewa mara kadhaa ili kujua kifo cha mtu mzima kinaiachaje familia kiuchumi. Benki ya Dunia na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihusika. Dodoso lilikuwa nene, kuanzia mashamba ya migomba hadi gharama za mazishi. Kazi ikaisha, data ikahifadhiwa pamoja na maelezo yake, yeyote mwenye nia akaruhusiwa kuitumia.

Mwaka 2004 watafiti wengine walirudi na orodha ya majina yale. Watoto wa 1991 walikuwa watu wazima, wengine wameolewa kijiji cha pili, wengine wako Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Wakawafuata. Kutoka kwenye kaya 915 zikapatikana zaidi ya kaya 2,700, maana kaya huzaa kaya. Mwaka 2010 wakafuatwa tena. Katika data iliyoanza kwa ajili ya ugonjwa na vifo, likachipuka swali ambalo waanzilishi hawakulikusudia: anayehama na anayebaki, nani anasogea?

Jibu lilipatikana kwa kulinganisha watu waliotoka kaya moja ya mwanzo, wale waliokua wakila chungu kimoja. Kati ya 1991 na 2004, matumizi ya waliohama mahali walipokuwa mwanzo yalikua kwa nukta 36 za asilimia zaidi ya yale ya ndugu zao waliobaki. Uzuri wa ulinganisho huu ni kwamba huwezi kusema "huyo alitoka kwa matajiri", kwa sababu wote wametoka mlango mmoja. Ubaya wake ni kwamba bado hatujui kama aliyehama alikuwa mchapakazi zaidi ya kaka yake tangu utotoni. Ndiyo maana wapo watafiti waliorudi vijijini wakaketi na watu, wakasikiliza historia za maisha yao, nani aliuza ng'ombe lini, nani alirudishwa nyuma na mazishi. Namba zilionyesha wapi pa kuuliza, masimulizi yakaeleza kilichotokea. Siwaelewi wanaogombana kipi kati ya hivyo ni sayansi zaidi.

Kuna fundo hapa ambalo wasomaji wengi hawalifikirii. Ili umfuate mtu baada ya miaka 13 unahitaji jina lake, jina la baba yake na jirani anayemfahamu. Ili uwagawie watu data yake unatakiwa uyafute hayo yote. Tunachofanya ni kutenganisha majalada mawili: moja lina majina, limefungwa, funguo kwa watu wachache sana, la pili lina namba tupu, nalo ndilo linalogawiwa. Kuondoa jina peke yake hakutoshi. Ukiandika kwamba katika kijiji fulani kuna daktari mwanamke mwenye miaka 41 na watoto sita, kijiji kizima kimeshamjua.

Mahali nako hufichwa. Katika tafiti za afya ya uzazi na mtoto, zile zinazoitwa DHS, kituo cha kila eneo kwenye ramani husogezwa kwa makusudi: mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi kilomita 5, na sehemu ndogo ya vijijini, asilimia 1, hadi kilomita 10. Kijana mmoja alinijia na kompyuta yake amekasirika kwelikweli. Alikuwa amefungua nukta ya wilaya alikozaliwa akaona imeangukia porini. "Mzee, data yenu imekosea, hapa hapana mtu, mimi nimechunga mbuzi hapa." Nikamwambia hapo ndipo tulipotaka uangukie. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza: sasa umbali wa kwenda zahanati nitaupimaje? Lilikuwa swali zuri kuliko malalamiko yake, tukalifanyia kazi hadi saa ya chakula. Umbali wa mita mia tano hutaupata kwa data hiyo; wa kilomita thelathini utaupata bila shida kubwa.

Kugawana data kunategemea pia sheria na mfuko. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa mwaka 2018 ikaweka adhabu kwa anayechapisha takwimu za kupotosha au kukanusha zile rasmi. Juni 2019 kifungu hicho kikaondolewa baada ya kelele za ndani na nje. Upande wa mfuko, mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, mpango wa DHS ulisimama pia, na walioomba data wakakuta tangazo kwamba maombi hayawezi kujibiwa kwa sasa. Tangu hapo huwa nawaambia wenzangu kwamba nakala iliyo nyumbani si ufahari. Kwa data za Tanzania, anza na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yenye orodha yake ya tafiti kwenye tovuti, zikiwamo awamu za NPS (National Panel Survey), utafiti wa kufuatilia kaya ulioanza 2008/09.

Ukishaipata, usikimbilie kukokotoa. Kuna ofisi moja iliwahi kutuletea boksi la disketi za utafiti wa zamani. Majalada yalifunguka vizuri, safu zimejaa 1, 2, 3 na 7, lakini daftari la misimbo, lile linaloeleza kila namba ina maana gani, halikuwepo, na aliyelijua alishastaafu na kufariki. Zile namba tunazo hadi leo na hakuna anayeweza kuzisoma. Mahali pengine daftari lilikuwepo ila mchambuzi hakulifungua, akaja na habari njema kwamba amegundua kijiji chenye wafugaji wakubwa, kaya kadhaa zikiwa na ng'ombe 99 kila moja, bila kupungua wala kuzidi. Kwenye daftari, 99 ilikuwa "hajui".

Swali tunaloulizwa zaidi vijijini ni lile la "mlikuja mkaandika mkaondoka, mmetuletea nini?" Miaka michache iliyopita tulijaribu kurudisha. Tulikwenda kijiji kimoja na karatasi moja ya matokeo, tukasoma mkutanoni chini ya mwembe. Nilipofika kwenye wastani wa ekari kwa kaya, mzee mmoja akanyoosha fimbo.

"Ekari za nani hizo?"

Nikasema ni kama wenyewe mlivyotujibu.

"Sisi ekari tunapima hatua sabini kwa sabini. Shamba langu lilipimwa na mjomba, na mjomba alikuwa mrefu kama mnazi. La huyu hapa amelipima mwenyewe." Akamwonyesha jirani yake, mtu mfupi, watu wakavunjika mbavu, yule jirani wa kwanza.

Mzee alikuwa amegusa jambo lenye uthibitisho. Pale mashamba yalipopimwa kwa GPS baada ya mkulima kutaja ukubwa wake, katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ilionekana wenye mashamba madogo huelekea kuyaongeza na wenye makubwa kuyapunguza. Sisi katika utafiti ule hatukuwa na GPS. Niliporudi ofisini nilifungua maelezo ya jalada, nikatafuta safu ya ekari, nikaongeza mstari mmoja: "Kwa kauli ya mhojiwa. Hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Urefu wa hatua haukurekodiwa."