Bia mbili za Ijumaa, mizani ya Jumamosi

Kikundi chetu cha kupunguza uzito hukutana Jumamosi asubuhi hapa Kisumu. Mizani iko mlangoni, na anayechelewa kwa kawaida ndiye aliyekesha kwenye ngoma ya ohangla. Wananiita daktari ingawa kazi yangu ni lishe. Zamani maswali yalikuwa ya ugali tu. Siku hizi la pombe halikosi, ila mtu huniuliza pembeni, wenzake wakishaondoka. Nimeyaweka hapa yote pamoja ili yasiulizwe tena kwa kunong'ona.

Daktari, ni lazima niache pombe kabisa ndipo nipungue?

Kwa ajili ya uzito pekee, hapana. Nimewaona waliopungua huku wakinywa bia mbili kwa wiki. Ambaye sijamwona ni yule anayekunywa sita kila Ijumaa, kisha anaapa kwamba Jumatatu hadi Alhamisi alikula sukuma wiki tupu. Ukiniuliza kuhusu afya kwa jumla, jibu ni lingine. Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama, kwani hatari ya saratani huanza na kiasi kidogo tu. Mojawapo ya saratani hizo ni ya umio, na huku kwetu magharibi na Bonde la Ufa hiyo si ngeni. Basi ukinywa, kunywa kwa kuwa unapenda, si kwa kuwa uliambiwa inasaidia moyo.

Bia moja ina kalori ngapi?

Gramu moja ya alkoholi ina kalori 7. Wanga na protini zina 4, mafuta 9. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 4.2 ina gramu 16 na kitu za alkoholi. Ongeza wanga uliobaki kutoka kwenye nafaka, utafika kalori 180 hivi, na bia nzito zaidi hupita 200. Hizo ni karibu vipande vitatu vya mkate. Mtu wa kilo 80 atatembea kwa kasi kama dakika 40 ili kuziondoa.

Sasa piga hesabu ya bia mbili kila jioni, siku tano kwa wiki. Baada ya wiki nne umekunywa kalori zinazokaribia 7,700, na hizo ndizo kalori za kilo moja ya mafuta ya mwilini. Bado hatujagusa nyama.

Lakini pombe si mafuta. Inawezaje kuleta kitambi?

Alkoholi yenyewe haigeuki kuwa kitambi kwa wingi. Inachofanya ni kuruka foleni. Mwili hauna ghala la kuhifadhi alkoholi, na kwa kuwa ni sumu, ini huacha mengine na kuishughulikia kwanza, polepole, kiasi cha toti moja ya pombe kali kwa saa hivi. Wakati huo uchomaji wa mafuta hupungua. Ile nusu kilo ya mbuzi na chipsi mliyoagiza ndiyo inayopelekwa kuhifadhiwa, kwa sababu jiko limeshikwa.

Halafu kuna njaa ya pombe. Mtu aliyekula ugali na samaki saa moja jioni akashiba, kufikia saa nne yuko kwa mutura, na saa sita anamsimamisha mtu wa boda kando ya kibanda cha smoki. Asubuhi hayakumbuki yote. Amelala vibaya, maana usingizi wa pombe hukatikakatika usiku, na siku inayofuata mwili uliokosa usingizi hutaka mafuta na sukari. Ndiyo ile supu na chapati mbili za kutoa loki, yaani uchovu wa pombe ya jana. Ukinipa daftari la mtu la Ijumaa hadi Jumapili, mara nyingi bia ndiyo sehemu ndogo ya hesabu.

Nikihamia pombe kali je? Haina sukari.

Kweli, toti ya mililita 30 ina kalori 65 hivi. Shida ni mbili. Kwanza, soda ya kuchanganyia: mililita 300 za kawaida zina kalori kama 125, kwa hiyo unakunywa soda yenye pombe kidogo. Ukichanganya na maji na ndimu, hesabu inapungua sana. Pili, nani hununua toti moja? Kile kichupa cha mililita 250 kina kalori 550. Mzinga mzima, ile chupa ya mililita 750, unapita 1,600, hata ukiunywa mkavu.

Na busaa ya kwa mama mkwe, Vihiga? Si ile ni chakula?

Ni chakula, na hapo ndipo penye taabu: unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, pamoja na kimea cha wimbi. Unakunywa pombe na uji kwa mkupuo mmoja. Kwenye chungu cha pamoja, kila mtu na mrija wake, huwezi kujua umevuta lita ngapi. Kaa kidogo kwa heshima, toa mrija, omba ndizi. Keg ya mtama nayo ihesabu kama bia nyingine yoyote. Chang'aa siijadili kwa kalori. Ikiwa imetiwa methanoli inaweza kukupofusha au kukuua.

Nikiruka chakula cha mchana ili nibakishe nafasi ya bia?

Usifanye hivyo. Pombe kwenye tumbo tupu hupanda haraka, na akili ya kusema "imetosha" ndiyo hutangulia kuondoka. Kula mapema: maharagwe, samaki, mboga.

Mbona Jumamosi nilikuwa nimepungua kilo nzima baada ya kunywa?

Ulikojoa maji. Yatarudi kufikia Jumatatu.

Kiasi ni kipi hasa?

Waingereza, tangu 2016, huwashauri wanaume na wanawake wasipite uniti 14 kwa wiki (uniti moja ni gramu 8 za alkoholi), zigawanywe katika siku tatu au zaidi. Kwa chupa zetu za nusu lita hizo ni kama sita kwa wiki nzima. Kwa anayetaka kupungua mimi husema mbili kwa wiki, tatu zikizidi, wala si za kila siku. Mwanamke aelewe kwamba chupa ileile humpanda zaidi kuliko mwanamume wa uzito uleule, kwa sababu mwili wake una maji machache.

Adui wa kiasi ni raundi. Watu watano mezani, kila mmoja akinunua mara moja, tayari ni bia tano na hakuna aliyeamua kunywa tano. Jilipie mwenyewe, hata wakikuita mchoyo. Mhudumu asifungue chupa ambayo hukuiagiza. Weka kidole juu ya kifuniko. Chupa tupu zibaki mezani, usikubali ziondolewe, maana ukiziona unahesabu. Na kati ya bia na bia, maji.

Kuna asiyepaswa kunywa hata hizo mbili?

Mjamzito. Mwenye ugonjwa wa ini. Anayetumia dawa za TB. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide, kwani sukari inaweza kushuka usiku akiwa amelala na watu wakadhani amelewa tu. Huyo azungumze kwanza na daktari wake.

Mzee wangu anakunywa kila siku tangu asubuhi. Nimwambie aache leo aje kikundini?

Asiache ghafla, mama. Mwili uliozoea pombe ya kila siku ukinyimwa kwa mara moja unaweza kutetemeka, kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na wapo wanaofariki. Apelekwe hospitalini aachishwe akiangaliwa. Unaweza pia kupiga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wakushauri pa kuanzia. Uzito wake tutaupima akitulia.