Daftari la Miraba: Kinachoingia na Kinachotoka

Mama akija na mtoto wa siku chache, swali langu la kwanza ni hili: tangu jana asubuhi amekojoa mara ngapi? Wengi hunitazama tu. Kunyonyesha wanakukumbuka, maana kunachosha. Nepi zimeshafuliwa, ziko kwenye kamba, na hesabu yake imeenda na maji.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya mama na mtoto hapa Kisumu. Kila mama mpya namwomba anunue daftari la hesabu, lile la miraba la watoto wa shule. Lilaze ubavu, uhesabu miraba 24 kwenda kulia, mmoja kwa kila saa. Kila siku ipe safu mbili. Ya juu ni ya kinachoingia: K titi la kushoto, L la kulia, Z maziwa yaliyokamuliwa. Ya chini ni ya kinachotoka: M mkojo, C choo. Dakika usiandike. Kuna mtoto anayeshiba kwa dakika kumi na mwingine kwa thelathini, na afadhali macho yako yawe kwenye koo lake, uone anavyomeza.

Safu ya chini ndiyo ninayoisoma kwanza. Maziwa ya titi huwezi kuyaona yakiingia, lakini mkojo unauona. Siku ya kwanza nepi moja yenye mkojo inatosha, ya pili mbili, ya tatu tatu. Kuanzia siku ya tano natafuta M sita au zaidi. Choo huanza cheusi, cha kunata kama lami, kisha kinakuwa cha kijani, na kufikia siku ya tano kiwe cha manjano. Kikiwa bado cheusi siku hiyo, njoo kliniki, usingoje tarehe uliyopewa. Safu ya juu nayo iwe na manyonyo 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo.

Mama mmoja wa Manyatta alinijia siku ya sita akiwa ameandamana na mama mkwe wake. "Sista, maziwa hayamtoshi," dani, yaani bibi kwa Kijaluo, akasema, na kwa huruma kabisa alikuwa ameshakoroga uji mwepesi. Nikafungua daftari. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi, miraba sita mitupu, usiku tatu mfululizo. Siku nzima M tatu tu. Mtoto alikuwa mpole, analala, na nyumba nzima ilifurahia usingizi wake. Nikamwona akinyonya: alishika chuchu peke yake, mdomo haujafunguka. Tukamshikisha upya, tukakubaliana aamshwe kila baada ya saa tatu, na dani akapewa kalamu ya biro awe msimamizi wa usiku. Uji ukaachwa mpaka miezi sita itimie. Kesho yake M zilikuwa tano, keshokutwa saba.

Kuna kosa la saa ambalo lilinipata nyumbani kwangu mwenyewe. Mwanangu alikuwa na miezi saba, ana homa, nami niko zamu ya mchana. Dada aliyemlea akampa parasetamoli, akaandika "2". Nilipofika saa tatu usiku nikaisoma kama saa ya simu yangu, yaani saa nane mchana, nikampa dozi nyingine. Kumbe dada aliandika saa mbili usiku, saa moja tu iliyopita. Nilikesha nimemshika. Hakudhurika, lakini tangu siku hiyo sielezi daftari bila kueleza saa. Chagueni moja nyumba nzima, ya Kiswahili au ya simu, muiandike juu ya kila ukurasa, na dawa ziwe na ukurasa wake: jina la dawa, mililita, saa, na jina la aliyempa.

Safu za kunyonya unaweza kuziacha uzito wa kuzaliwa ukisharudi, kwa kawaida ndani ya wiki mbili, na mizani ikionyesha anaendelea kuongezeka. Zirudishe akiharisha, akitapika au akikataa titi. Ukurasa wa dawa usiuache, hasa ukirudi kazini na mtoto akabaki mikononi mwa mwingine.